Ndege Walivyonipandia Uani

Mti wa kwanza ambao ndege walinipandia ulikuwa mpilipili. Niliukuta umeota chini ya kamba ya nguo, mahali ambapo sikumbuki kumwaga hata mbegu moja, na kila niliyemuuliza nyumbani aliruka kimanga. Baada ya miezi michache ukazaa pilipili kichaa, zile ndogo nyekundu zinazosimama wima. Asubuhi moja nimekaa na chai yangu, shore akatua, akachuma moja, akaimeza nzima, akapangusa mdomo kwenye tawi, akachuma ya pili. Nikamsubiri aanze kuhangaika. Wapi! Aliruka mpaka kwenye kamba, akatulia kidogo, akaachia choo palepale chini, akaenda zake.

Kumbe ndege hawausikii ukali wa pilipili. Sisi tukiitafuna inatuwasha, na panya vilevile, ambaye angeziponda mbegu kwa meno yake. Shore hana meno. Anameza, mbegu inapita tumboni salama, inadondoshwa na mbolea yake juu. Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Huyu anaila na bado haimwashi. Kuanzia siku hiyo nikaanza kutilia shaka nani hasa ndiye mkulima wa hapa nyumbani.

Naishi Muheza, mkoani Tanga, si mbali na njia ya kupandia Amani, kule kwenye milima ya Usambara. Nilistaafu ualimu mwaka 2012. Watoto walikwishatawanyika, mzee wangu ametangulia mbele ya haki, nikabaki na redio, michungwa sita na uwanja mpana. Uwanja wa Kitanga unajulikana: kila alfajiri fagio la chelewa, michirizi kama ya kitana, jani likidondoka linaokotwa. Ndege wa uani kwangu walikuwa kunguru, shomoro, na chozi mmoja aliyekuja kunyonya ua la mgomba. Nilipotaka wengine, nilifanya kama mwenyeji asiyewajua wageni wake. Nikawaandalia ninachokipenda mimi.

Nikanunua miche miwili ya miembe ya kubebesha na mparachichi mmoja. Miembe ilipozaa, maembe yalikuwa makubwa ya kupendeza, na ndege hawakujali. Wangefanyaje? Ngozi ngumu, tunda kubwa kuliko kiwiliwili cha anayelila. Walifaidi kunguru mchana na popo usiku, na mimi nilipowahi. Parachichi sina la kusema juu yake, nililila mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba utamu wa tunda si hoja. Hoja ni upana wa mdomo. Ndege wengi wa bustanini hupenda tunda wanaloweza kulimeza zima, au laini kiasi kwamba kidonoo kimoja kinalifungua. Likizidi hapo, itabidi wamngoje mwenye nguvu aje awapasulie.

Mwalimu mwenzangu wa Korogwe ndiye aliyenipa vipando vya mforosadi. Viwili tu, kila kimoja urefu wa mkono. Nikavichomeka wakati wa masika ya 2014, bila sherehe. Kabla mwaka haujaisha vilikuwa vimezaa. Sijaona mti mwingine unaolipa haraka hivyo, na nikiulizwa leo mtu aanze na nini, sijibu mara mbili. Forosadi ni ndogo, ni laini, na haziivi zote siku moja, kwa hiyo mti unakuwa kama genge lisilofungwa. Shore walikuja kwanza, na kelele zao. Wakafuata vinengenenge, vile vindege vya kijani na njano vyenye pete nyeupe machoni, kundi zima likipekua jani kwa jani na kunong'ona. Wakaja kwezi. Siku moja akaja ndege wa manjano, kichwa cheusi, mdomo mwekundu, anayepiga mluzi kama maji yanayomiminika kwenye mtungi. Nilikaa bila kupepesa macho mpaka chai ikapoa.

Nikapata kiburi. Mwaka uliofuata nikapanda mzambarau, na nikaupanda vibaya.

Vibaya kwa sababu nilitazama ardhi tu, sikutazama juu. Ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye ukuta wa jirani, na upande wa pili wa ukuta ndipo kamba yake ya nguo ilipo. Jirani huyo ni mtu wa msikitini. Ulipoanza kuzaa sawasawa, Ijumaa moja alinibishia hodi ameshika kanzu nyeupe mkononi, imepigwa alama za zambarau begani na mgongoni. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, hawa wanafunzi wako wanaandika kwenye daftari langu." Nilimfulia kanzu ile kwa ndimu na jua, na haikutakata. Nikamnunulia nyingine, nikakata matawi ya upande wake. Tunda lenye rangi, liwe zambarau au forosadi, litatoka na rangi yake. Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo jiulize ndege wakishashiba watakaa wapi: kwenye waya, kwenye kamba, kwenye paa la bati mnalokinga maji ya mvua? Hapo ndipo mvua yao itakapodondoka.

Kosa la papai lilikuwa la haraka. Niliweka vipande kwenye meza ya mbao uani ili wageni wasihangaike. Ndani ya wiki mbili uwanja ulikuwa wa kunguru, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 wakale takataka, wakaziacha takataka na kuanza kula mayai na makinda ya wenzao. Shore alikuwa na tago kwenye mchungwa. Asubuhi nikakuta tago tupu limeinama. Sikuweka tena chakula mezani, wala mabaki ya jikoni. Mpapai nimeuacha, lakini tunda linaliwa likiwa mtini. Kunguru bado wanakuja. Hawakai tu kama zamani.

Sasa nifike kwa kuzumburu, maana hao ndio walionitia aibu.

Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni panya aliyeota mbawa: kahawia, kishungi, mkia mrefu kama kipande cha kamba. Wanatembea kwa makundi, wananing'inia kwenye matawi, na asubuhi na mapema wanakaa wamelielekezea jua matumbo, kama wazee waliotoka barazani kuota jua. Chakula chao ni majani na matunda, na inasemekana joto lile la tumboni linawasaidia kusaga. Walipokuja kwa ajili ya forosadi niliwafurahia. Walipomaliza forosadi wakaingia kwenye tuta langu la kunde na mchicha. Hawakubagua. Walikula vichipukizi vyote, wakaacha vijiti.

Nikachukua chandarua kikuukuu, kimechanikachanika, nikafunika tuta lote na mforosadi mmoja. Nikalala nimeridhika. Kesho yake nikakuta shore amenaswa mguu na bawa, amejizungusha mpaka uzi umeingia kwenye nyama. Alikuwa bado na joto. Nilikaa chini na mkasi kumnasua, ingawa hapakuwa na haja tena. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka saba, akasimama akitazama, akaniuliza, "Bibi, si ulisema tunawaalika?" Sikumjibu. Bado sijamjibu.

Wavu unaolegea ni mtego, na ukiwa na matundu ya kuingiza kichwa ni mtego zaidi. Kama lazima ufunike, tengeneza fremu ya fito, uvute wavu ukaze kama ngozi ya ngoma, ndege akitua umrushe. Na uukague asubuhi na jioni, maana hata popo hunaswa. Mimi niliamua vingine. Kunde nikazihamishia mbele ya nyumba karibu na mlango, ambapo watu hupita siku nzima, na mforosadi niliuacha uwe wao. Ninachokula ni kile cha matawi ya chini ninachokiwahi.

Kuna jambo jingine lililonichukua miaka kulielewa, na lilihusu fagio. Nilikuwa nasikia kurumbiza akiimba alfajiri na magharibi kwenye kichaka cha ng'ambo ya barabara, na haji kwangu hata kwa bahati mbaya. Matunda ninayo. Maji ninayo, nimeweka kipande cha chungu kilichovunjika, kina cha vidole viwili, nabadilisha kila asubuhi mbu wasije wakazaa. Anataka nini tena? Nikaumwa mgongo, nikashindwa kufagia chini ya miforosadi karibu miezi miwili. Majani yakalundikana. Wiki ya tano au ya sita nikamsikia karibu sana, nikachungulia dirishani: kifua cha rangi ya chungwa, mstari mweupe juu ya jicho, anageuza majani kwa mdomo na kuokota wadudu. Alikuwa anataka uchafu wangu.

Mgongo ulipopona sikurudi kufagia upande ule. Niliweka mpaka wa mawe: huku uwanja wa watu, kule majani. Jirani mwingine, mama mtu mzima mwenye maneno, akaniambia, "Mwalimu, unafuga ndege au unafuga nyoka?" Swali la haki. Nyoka wapo Muheza, na mwenye watoto wadogo afikirie. Mimi nimeweka majani mbali na mlango, siingii kule usiku bila tochi, na siingizi mkono chini ya rundo. Mpaka sasa niliyemwona ni mmoja tu, mdogo, alikuwa anaondoka.

Mkuyu niliupanda kwa tamaa. Nilikuwa nimesikia kwamba mkuyu mmoja unalisha porini kuliko miti mingine kumi, na ni kweli unazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kuyu zimeshikana kwenye shina na matawi makubwa kama upele. Nikaomba tawi nene kama mkono kutoka kwenye mti wa mtoni, nikalizika mwisho wa uwanja. Mwisho wa uwanja ndipo lilipo karo la choo. Mwaka wa sita maji yakaanza kurudi bafuni. Fundi alipofunua mfuniko wa zege akaita, "Mama, njoo uone nywele." Mizizi myekundu, myembamba, imejaa karo zima kama wigi. Kazi ya kuing'oa, kujengea upya upande mmoja na kubadilisha bomba ilikula pensheni yangu ya miezi miwili.

Kila aliyepita akaniambia ukate. Sikuukata, na sababu yake ni ninga. Ni njiwa wa kijani, mapaja ya manjano, na anajificha kwenye majani kiasi kwamba unaweza kusimama chini ya kumi na tano usione hata mmoja mpaka kuyu zianze kukudondokea kichwani. Anapanda tawini kama kasuku, anajibinua kichwa chini miguu juu. Sauti yake haifanani na ya njiwa hata kidogo; inaanza kwa miluzi na kuishia kwa mlio kama wa mlango unaolalamika. Mti ulioniletea ndege huyo siwezi kuukata kwa sababu ya bomba. Nilihamisha karo. Ila wewe usinifuate: mkuyu uwe mbali kabisa na msingi, karo, kisima na ukuta, na kama kiwanja chako ni cha ishirini kwa thelathini kama vingi vya mjini, usiupande. Panda mforosadi wa pili.

Hondohondo nao walikuja kwa ajili ya mkuyu ule. Hao wanashuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki, na mlio wao ni wa mtoto mchanga anayelia. Mara ya kwanza mjukuu alitoka mbio akidhani kuna mtoto ameachwa nje. Wanakula, wanaondoka. Hawatajenga kwangu, maana jike hujifungia ndani ya tundu la mti mkubwa na kuziba mlango, akabakiza ufa wa kulishwa na dume, na mimi sina mti wenye umri wa tundu kama hilo. Lakini Amani wanakumbuka vizuri kazi ya hondohondo. Wajerumani walianzisha kituo na bustani ya miti pale mwaka 1902, miti ya kila pembe ya dunia, na baadaye ukaletwa mti uitwao Maesopsis, wenye asili ya upande wa Uganda na magharibi. Hondohondo wakaupenda. Wakabeba mbegu mpaka ndani ya msitu ambako hakuna aliyeupanda, na leo umesambaa humo. Nikipita njia ile na kuitazama miti hiyo najiona mdogo na mpilipili wangu.

Mgeni aliyenitoza ghali kupita wote ni mdogo kupita wote: zuwakulu mmoja wa ukubwa wa kidole gumba, anayegonga mlio uleule saa nzima kama fundi wa masufuria. Anakula matunda ya kirukia. Mbegu ya kirukia ina ulimbo, inamgandia, na ili kujinasua anaipangusa kwenye tawi. Hapo imepandwa. Inatoboa gome na kunyonya. Nilipogundua, michungwa miwili kati ya sita ilikuwa na vichaka vya kirukia, na matawi ya juu yake yamekauka. Mwanzoni nilikuwa navunja majani yake tu, kikarudi kwa hasira. Dawa ni kukata tawi lenyewe la mchungwa, chini ya pale kilipojishika, kabla hakijazaa. Inauma, ni tawi la machungwa ya kuuza, lakini hakuna njia nyingine.

Na bado nimekiacha kimoja, kwenye mwembe mzee usiobeba kitu. Maua yake ni mirija myekundu iliyofungwa; chozi akiibana kwa mdomo inafyatuka na kumpaka chavua usoni. Nimeshapoteza saa nyingi za maisha yangu nikitazama hilo.

Wenye mashamba ya machungwa wana malalamiko yao, na Muheza ni mji wa machungwa, kwa hiyo nawasikiliza. Tunda likioza chini linazaa inzi wa matunda. Yule mbaya zaidi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na akaenea sehemu kubwa ya Afrika kwa kasi ya ajabu. Kwa hiyo mapera na maembe yaliyodondoka siyaachi ati kwa ajili ya ndege. Naokota kila siku ya pili, nafukia nusu mita kwenda chini au nafunga kwenye mfuko mweusi juani mpaka yapikike. Majani ndiyo nayaacha. Matunda hapana. Na tunda lenye alama ya meno ya popo mtoto haruhusiwi kulila, hata kama limeliwa upande mmoja tu.

Watoto wa mtaani walikuwa shida ya mwanzo: manati mfukoni, na wengine wanajua kutengeneza ulimbo kwa utomvu wa mfenesi, wanaupaka kwenye vijiti karibu na maji. Nilifukuza, wakarudi. Nilishtaki kwa wazazi, wakaapa. Mwishowe niliwafungulia geti msimu wa zambarau, zile za matawi ya chini ni zao, za juu si zao. Haikuwageuza malaika. Bado naokota jiwe la manati mara mojamoja. Lakini vijiti vya ulimbo sijaviona tangu mwaka 2019.

Masika haya nilikuwa naing'oa miche ya mwarobaini, ambayo shore na popo wananiletea kwa mamia kila mwaka. Mwezi wa kwanza inang'oka kwa vidole viwili. Ukichelewa mwaka, leta jembe. Chini ya kamba ya nguo, hatua moja kutoka pale ulipokuwa mpilipili, nikakuta mche nisioujua. Majani matatu yanayong'aa, shina jekundu. Jirani mwenye kanzu amesema mkunazi. Mjukuu, ambaye siku hizi yuko sekondari, amesema si mkunazi, mkunazi una miiba. Mama mwenye maneno ameutazama akasema ni gugu, ng'oa. Nimechomeka vijiti vinne kuuzunguka na kufunga kitambaa chekundu, ili anayenisaidia kufagia siku hizi asiupitie.